Kamanyola, tarehe 2 Agosti na swali la mgeni



Jina la Kamanyola lilitembea mbali kuliko watu wake. Mwezi wa sita 1964, wakati wa vita ya waasi wa Simba, Mobutu alifika hapa na jeshi, na ile vita ya darajani akaigeuza hadithi ya utawala wake. Alipokuwa rais, Kamanyola ikawa jina la divisheni ya jeshi, jina la mashua yake, na jina la uwanja mkubwa wa mpira kule Kinshasa. Mwaka 1997 uwanja ulibadilishwa jina, ukaitwa Stade des Martyrs, juu ya Évariste Kimba na wenzake watatu wenye walinyongwa hadharani tarehe 2 Juni 1966. Kwangu mimi hili ni swali la filozofia: taifa lisimame juu ya ushindi wa mkubwa, ao juu ya wafu wake?

Wayahudi walichagua zamani. Kila mwaka, tarehe 9 ya mwezi wao wa Av, wanafunga, wanakaa chini, wanalilia Hekalu lenye Waroma walibomoa mwaka 70. Siye pia tuna 2 Agosti, siku ya Genocost, yenye serikali inaadhimisha tangu 2023. Njo tarehe vita ya 1998 ilianza. Mwaka 2025 siku hizo zilikutana: jua lilipozama tarehe 2 Agosti, mfungo wa Wayahudi ukaanza.

Lakini kukumbuka peke yake hakutoshi. Juu ya nini tuliteswa? Sala ya zamani ya Wayahudi inajibu: kwa zambi zetu. Na huku kwetu, katika bonde la Ruzizi, mahubiri ya namna hiyo hayapungui. Emil Fackenheim, mwanafilozofia aliyezaliwa Halle, Ujerumani, 1916, na kufungwa katika kambi ya Sachsenhausen 1938, alikataa jibu hilo. Wanazi waliua watoto Wayahudi zaidi ya milioni 1. Zambi gani ya mtoto wa miezi sita? Mapokeo yanahesabu amri 613. Yeye mwaka 1967 akaongeza ya 614: Myahudi asimpe Hitler ushindi mwingine, ni kusema asisahau wafu, asiache kuwa Myahudi, asikate tamaa juu ya Mungu wala juu ya dunia. Angalieni vizuri: hafasirii mateso. Anauliza tu, sasa tufanye nini?

Ninamfuata, lakini si mpaka mwisho. Amri ya kulinda watu wako inaweza kufunga mlango kwa wengine. Hapo ninarudi nyuma kwa Hermann Cohen, profesa wa Marburg aliyekufa 1918. Katika kitabu chake cha mwisho, kilichotoka 1919, anasema Israeli ilimvumbua binadamu mwenzake kupitia mgeni. Talmudi inahesabu kwamba Torati inaonya juu ya mgeni mara 36, juu Israeli nao walikuwa wageni Misri. Tena Cohen anakataza kusoma mateso ya mwenzako kama azabu yake.

Sasa turudi Kamanyola. Tarehe 15 Septemba 2017, wakimbizi wa Burundi walidai wenzao waliokamatwa waachiliwe, na askari wakafyatua risasi. Zaidi ya 30 walikufa. Wengi wao walikuwa Wakatoliki wafuasi wa maono ya Businde, wenye walikuwa wanakataa, kwa imani yao, kuandikishwa kwa alama za vidole. Nilisikia watu, hata wenye masomo, wakisema: «Walijitakia, vichwa ngumu.» Ni ileile «kwa zambi zao», tumeivalisha nguo nyingine tu.

Machi 2018 wakimbizi zaidi ya 2,000 walivuka kwenda Rwanda, kisha wengi wakarudi Burundi. Genocost inahesabu wafu wa Kongo. Hawa walikufia kwetu na hawakuwa wa kwetu, na 15 Septemba haiko katika kalenda ya kumbukumbu ya nchi yoyote kati ya hizi tatu.