Pikapu ya Dizeli Ilivyofika Ujiji kwa Sheria za Watu Wengine

Mpagazi wa Kinyamwezi aliyetoka pwani kwenda Ujiji alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, bila kuhesabu mkeka na chakula chake. Pikapu ya tani moja, ya aina inayoteremsha mahindi kutoka Kasulu au kupakia dagaa pale Kibirizi, hubeba mzigo wa wapagazi 30. Hiyo ni tani iliyoandikwa kiwandani. Madereva wa Kigoma wana hesabu yao, na springi za nyuma zilizoongezewa majani ndizo zinazoijua.

Msafara wa zamani ulikuwa na watozaji wake. Watemi wa Ugogo walidai hongo ya vitambaa, shanga na waya kabla ya kuruhusu mtu apite au achote maji. Wavumbuzi wa Kiingereza Burton na Speke, waliotoka pwani katikati ya mwaka 1857 na kufika Ujiji Februari 1858, waliilipa kama wafanyabiashara wa Kiarabu waliowatangulia. Ukitaka kusimulia habari za mizigo katika njia hii, kuanzia bega la mpagazi hadi injini ya dizeli, humkwepi mtu anayetoza njiani. Kwa upande wa pikapu, watozaji wenye kauli kubwa hawakuwa Dodoma wala Dar es Salaam. Walikuwa Washington na Tokyo.

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika ziwani Februari 1914. Wajerumani hawakuimalizia Ujiji, mji uliokuwa mwisho wa njia ya misafara, bali Kigoma, kwenye ghuba yenye kina cha kupokea meli. Biashara ikahama kilomita chache kaskazini, Ujiji ikabaki na miembe yake na wazee wake. Hata hivyo kuna jambo ambalo reli haikulitatua. Mzigo ukishushwa stesheni, nani anaufikisha Kibondo au Manyovu? Na maharage ya Uha yanashukaje kutoka milimani? Kwa miongo kadhaa yalishuka kichwani, kisha kwenye baiskeli, na mara mojamoja kwenye lori la mfanyabiashara mwenye uwezo.

Gari dogo la kwanza ambalo watu wengi wa mkoa huu walilizoea ni Land Rover. Julai 1960 msichana wa Kiingereza aitwaye Jane Goodall aliingia Kigoma na mama yake, wametoka Nairobi ndani ya Land Rover iliyojazwa kupita kiasi, dereva akiwa Bernard Verdcourt, mtaalamu wa mimea. Waliukuta mji umefurika Wabelgiji waliovuka ziwa wakikimbia ghasia za Kongo, iliyokuwa imepata uhuru tarehe 30 Juni. Safari yake ya kwenda Gombe kuwachunguza sokwe ikabidi isubiri kidogo. Baada ya uhuru wetu sisi, Land Rover ikawa gari la mkuu wa wilaya, la bwana shamba na la misheni, na wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wakapenda pikapu za Peugeot 404. Nyingi katika hizo zilikuwa za petroli. Petroli ilifika Kigoma kwa behewa, na behewa lilifika lilipofika.

Miaka ya 1970 iliwafundisha watu kuhesabu lita. Bei ya mafuta ilipaa baada ya 1973. Mwaka 1978 ikaja vita na Uganda, magari ya watu binafsi yakachukuliwa kwenda kubeba wanajeshi, na nchi ikatoka vitani imeshinda huku mfuko wake wa fedha za kigeni ukiwa mtupu. Ikafika mahali gari la binafsi halikuruhusiwa barabarani Jumapili baada ya saa nane mchana. Kipindi hichohicho hata meli kongwe Liemba, iliyozinduliwa mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen, iliachana na mvuke ikafungwa injini za dizeli. Ziwa lilitangulia, barabara ikafuata.

Kilichofuata barabarani ni Toyota Hilux na ndugu zake. Hilux ilianza kuuzwa 1968, ikitengenezwa na kampuni ya Hino kule Hamura, viungani mwa Tokyo, na injini yake ya mwanzo ilikuwa ya petroli, lita moja na nusu. Dizeli ya lita 2.2 ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1970. Haikuwa na mbio wala haikunyamaza. Lakini ilikunywa kidogo, ilivuta mzigo mzito kwa mzunguko wa chini, haikuwa na plagi za kulowana mvua ya masika, na pampu yake ilisukuma mafuta kwa chuma kitupu bila umeme wa kuielekeza. Mafuta yakikatika njiani na upepo ukaingia kwenye mrija, fundi wa Kasulu aliutoa kwa spana moja, akasubiri mapovu yaishe, akapiga stata.

Nchi iliyokuwa na wanunuzi wengi wa pikapu kuliko zote ingekuwa soko la kwanza la gari kama hilo. Haikuwa hivyo, na sababu inaanzia kwenye banda la kuku.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kuku wa Marekani, waliofugwa kwa maelfu mahali pamoja na kuuzwa kwa bei ya chini, walijaa katika masoko ya Ujerumani Magharibi hadi wafugaji wa huko wakapiga yowe. Mwaka 1962 Soko la Pamoja la Ulaya likapandisha ushuru wa kuku. Mazungumzo yakagonga mwamba. Desemba 1963 Rais Lyndon Johnson, akiwa na siku chache tu Ikulu baada ya kuuawa kwa Kennedy, akatia saini tangazo la kulipiza: brandi, wanga wa viazi, dekstrini na malori madogo kutoka nje vipandishiwe ushuru, malori yakitozwa asilimia 25. Aliyelengwa ni Volkswagen na pikapu yake. Ushuru wa vile vingine uliondolewa baadaye. Wa malori upo hadi leo, miaka zaidi ya 60, na Wamarekani wenyewe wanauita kodi ya kuku ingawa kuku wale wameshasahaulika.

Wajapani waliuzunguka. Walipeleka kichwa na chesisi bila bodi, mzigo uliotozwa asilimia 4, kisha bodi ikafungwa baada ya kuteremka melini; mwanya huo ukazibwa 1980. Subaru ikabandika viti viwili vya plastiki kwenye bodi ya nyuma ya pikapu yake, BRAT, ili forodha iihesabu kuwa gari la abiria. Mkazi wa Dar es Salaam aliyewahi kupanda chai maharage, amekaa kwenye benchi la bodini akitazamana na abiria mwenzake, asingehitaji kuelezwa hila hiyo mara mbili.

Kuna miaka michache Marekani iliionja dizeli ndogo. Baada ya mapinduzi ya Iran ya 1979 mafuta yalipanda, na wanunuzi wakaipata pikapu ya dizeli ya Volkswagen iliyotengenezwa hukohuko Pennsylvania, ya Isuzu yenye lita 2.2, ya Toyota, hata Ford Ranger. Mwaka 1986 bei ya mafuta ikaanguka, sheria za moshi zikakazwa, na muongo ulipokwisha hakuna aliyekuwa akiziuza tena. Mwaka 1995 Toyota ikagawa dunia mapande mawili: Wamarekani wakapewa Tacoma ya petroli, sisi wengine tukaendelea na Hilux. Jaribio la kampuni ya Mahindra ya India kupeleka huko pikapu za dizeli lilivunjika mwaka 2010, likaacha mawakala waliokwisha kutoa fedha zao na kesi mahakamani. Mahindra hizo Afrika Mashariki unazikuta barabarani.

Kwangu mimi hapo ndipo ilipo bahati ya Kigoma, kama ni bahati. Pikapu ndogo ya dizeli ilifungiwa mlango wa soko kubwa kuliko yote, hivyo waliobaki kuichagulia umbo walikuwa wakulima wa Thailand na Australia, wachimba madini wa Afrika Kusini, na watu kama wetu. Haikulazimika kumbembeleza mnunuzi wa California. Ilibaki nyembamba, nyepesi na rahisi kufungua.

Hata hivyo, gari kuwepo duniani ni jambo moja na kufika Ujiji ni lingine. Bajeti ya Juni 1984, iliyosomwa na Waziri wa Fedha Cleopa Msuya, iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa alizipata wapi. Mwaka uliofuata Ali Hassan Mwinyi akaingia Ikulu na watu wakampa jina la Mzee Ruksa. Pikapu zilikuwa miongoni mwa vitu vya mwanzo kuletwa, kwa sababu zilikuwa duka, teksi na lori kwa pamoja: asubuhi mchele, mchana abiria, jioni maiti ya jirani inarudishwa kijijini.

Mkoani Kigoma msukumo wa pili ulikuja na msiba. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, wakimbizi wakamiminika. Mwaka 1996 vita vya Kongo vikaleta wengine kwa mitumbwi, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa Kasulu. Mashirika ya misaada yalikuja na magari meupe, Land Cruiser za mkonga zenye injini ya silinda sita ya lita 4.2, na Hilux za dizeli. Magari hayo yalikuja na mafundi, stoo za spea na madereva waliofunzwa kuyatunza. Mradi ukifungwa, gari linapigwa mnada. Ukitazama kwa makini mlango wa pikapu nyeupe ya zamani pale Mwanga, mjini Kigoma, mara nyingine utaona rangi iliyopauka kuzunguka mahali nembo ilipobanduliwa.

Halafu kuna Tokyo. Mwaka 1999 gavana wa jiji hilo, Shintaro Ishihara, alisimama mbele ya waandishi wa habari na chupa ya plastiki iliyojaa masizi ya dizeli, akaitikisa. Kuanzia Oktoba 2003 Tokyo na mikoa jirani ikapiga marufuku magari ya dizeli ya biashara yasiyotimiza viwango vya moshi, na sheria ya kitaifa ikazuia mengi yasisajiliwe upya mijini. Injini iliyokuwa na miaka mingi ya kazi mbele yake ikakosa pa kukanyaga kwao. Ikaenda mnadani, ikapanda meli, ikateremka Dar es Salaam. Hilux yenyewe ikaacha kuuzwa Japani mwaka 2004, na iliporudi 2017 ilikuwa imetengenezwa Thailand. Moshi uliofukuzwa Tokyo tuliupokea sisi. Wauguzi wa Kigoma huenda wana maoni yao kuhusu biashara hiyo.

Forodha yetu nayo si ya kusahaulika. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki, ulioanza 2005, uliiweka bidhaa iliyokamilika kwenye asilimia 25, kiwango kilekile cha kuku. Ongeza VAT ya asilimia 18, ongeza ushuru wa uchakavu kwa gari lililozidi umri. Kenya imekataa kabisa gari la mtumba lililozidi miaka minane. Tanzania inalikubali, mradi mwenyewe alipe. Ndiyo maana pikapu iliyoonekana mzee Mombasa inaendelea na maisha huku kwetu.

Adui mwingine alikuwa kwenye tangi. Mafuta ya taa yalipokuwa na kodi ndogo, wajanja waliyachanganya na dizeli, na neno uchakachuaji likaenea nchi nzima. Mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa hadi kuyalinganisha na dizeli, mchezo ukapoteza faida, ingawa mama mwenye kibatari ndiye aliyelipa tofauti. Injini ya zamani ilimeza mchanganyiko huo ikakohoa tu. Injini mpya za Toyota ziitwazo D-4D, zilizoenea baada ya 2005, zina nozeli zinazoongozwa na kompyuta, na mafuta machafu yanaziua. Seti ya nozeli mpya inaweza kumla mtu msimu mzima wa dagaa, na hiyo ndiyo sababu Hilux ya 1997 yenye pampu ya chuma bado ina wateja, ilhali dada yake mdogo amepaki kwenye mawe nyuma ya gereji.

Barabara nazo zimebadilika. Daraja la Kikwete kwenye Mto Malagarasi lilizinduliwa 2015, na lami ya kutoka Nyakanazi kupitia Kibondo na Kasulu imefika karibu njia yote. Juu ya lami, hoja ya pikapu ya four wheel inapungua. Mfanyabiashara wa Mwandiga mwenye mzigo mdogo sasa anatazama kirikuu, Suzuki Carry ya petroli yenye injini ya cc 660, ambayo bei yake ni sehemu tu ya bei ya Hilux. Ajabu ni kwamba vigari hivyo hivyo vimewaingia Wamarekani rohoni. Sheria yao ya 1988 huruhusu gari lisilotimiza viwango vyao likishafika miaka 25, hivyo mwezi baada ya mwezi Hilux za dizeli na kirikuu zaidi zinafunguliwa mlango, zikilipa asilimia 25 palepale. Mnunuzi wa Texas anayetaka kitu cha kuonyesha marafiki na mnunuzi wa Ujiji anayetaka cha kubebea mawese wanakutana kwenye mnada mmoja Japani, na wa Texas hana haraka ya kurudisha mtaji.

Kusini mwa mji bado ni habari nyingine. Ukishuka Simbo kuelekea Ilagala na Kalya, upande wa Milima ya Mahale, sehemu kubwa ya njia ni udongo, na masika yakikolea mwenye kirikuu hubaki nyumbani. Huko nauli ya gunia inapangwa na wenye Hilux za zamani, na mwenye gunia hana mwingine wa kumwendea.