Kuwaombea Marehemu: Ibada Iliyotangulia Mafundisho Yake

Mwaka 203, ndani ya gereza la Karthago, kando ya Tunis ya leo, mama kijana wa miaka ipatayo 22 aliyekuwa bado ananyonyesha alijikuta katikati ya sala ametaja jina ambalo hakulitarajia. Mama huyo ni Perpetua. Jina lililomtoka ni la Dinokrate, mdogo wake aliyekufa akiwa na miaka saba kwa donda baya la usoni. Usiku akamwona ndotoni: mchafu, amepauka, ana kiu, amesimama kando ya birika la maji ambalo ukingo wake umempita kimo. Perpetua akaamka na hakika kwamba ndugu yake anateseka na kwamba yeye dada anaweza kumsaidia. Akamwombea usiku na mchana kwa machozi. Baadaye akamwona tena. Mtoto amekuwa safi, donda limebaki kovu, ukingo wa birika umeshuka hadi kitovuni. Akanywa akashiba, kisha akakimbilia mchezo kama watoto wote. Siku chache baada ya hapo Perpetua mwenyewe aliuawa uwanjani mbele ya umati, akiacha habari hizi katika masimulizi yake ya gerezani, ambayo ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya mwanamke Mkristo.

Nimeanza naye kwa makusudi. Mara nyingi husemwa, hata na Wakatoliki wenyewe, kwamba kuwaombea marehemu ni desturi iliyopanda meli Ulaya ikashukia pwani yetu pamoja na rozari na kengele. Kwamba iliingia huku na wamisionari ni kweli. Lakini ushahidi wake wa kale ulio wazi zaidi umetoka bara hili hili la Afrika, tena kwa mlei, mfungwa, aliyesukumwa na uchungu wa ndugu. Hapakuwa na mtaguso uliokuwa umemfundisha. Neno lenyewe la “toharani”, utakaso baada ya kifo, lingechelewa karibu miaka elfu moja.

Wayahudi walikuwa wameshatangulia. Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12, kinasimulia jinsi Yuda Makabayo alivyokuta hirizi za miungu chini ya nguo za askari wake waliouawa vitani, akachanga drakma 2,000 za fedha na kuzipeleka Yerusalemu ili sadaka itolewe kwa dhambi yao. Waprotestanti hawakihesabu kitabu hiki miongoni mwa Maandiko, na ugomvi mwingi wa baadaye umeanzia hapo.

Turudi Karthago. Tertuliani, mwandishi wa maneno makali, ametaja mwanzoni mwa karne ya 3 kwamba mjane Mkristo humwombea mumewe, humtakia burudisho, na hutoa sadaka kila mwaka siku aliyofariki. Cha kuchekesha ni kwamba hakuwa na nia ya kufundisha kuwaombea wafu. Alikuwa anawazuia wajane wasiolewe tena. Na kwa kuwa alilitaja jambo hili kwa kupita tu, kama mtu atajavyo kitu kinachojulikana na wote, ndipo tunapojua kuwa lilikuwa limezoeleka. Miongo michache baadaye Sipriani, askofu wa mji huo huo, aliagiza kwamba marehemu Geminius Victor asitolewe sadaka wala asitajwe katika sala ya kanisa, kwa sababu katika wosia wake alimteua padre kuwa msimamizi wa mambo yake, kinyume cha katazo la maaskofu. Adhabu ya kunyimwa jina madhabahuni! Asingeitoa kama waumini hawakuwa wanakiona kutajwa kwa marehemu kuwa kitu cha thamani kubwa.

Kisha kuna Monika, mama yake Augustino, mwenyeji wa Thagaste, ambako leo ni Souk Ahras nchini Algeria. Alipomfuata mwanawe Milano, alikwenda kwenye makaburi ya mashahidi na kikapu chake cha uji, mkate na divai, kama ilivyokuwa desturi kwao Afrika. Bawabu akamzuia: askofu Ambrosi amepiga marufuku, maana watu hulewa makaburini na mambo hayo yanafanana mno na matambiko ya wapagani. Monika akatii, akaanza kwenda na sala badala ya kikapu. Msomaji aliyewahi kusikia ubishi kuhusu pombe inayomwagwa kaburini hatahitaji kuelezwa zaidi. Ubishi huo una zaidi ya miaka 1,600, na mwanamke wa Kiafrika ndiye aliyesimamishwa mlangoni.

Mwaka 387, akiwa mgonjwa kufani huko Ostia, bandari ya Roma, Monika aliwaambia wanawe wauzike mwili wake popote. Alichoomba ni akumbukwe kwenye altare. Ni tamko zito kwa mtu aliyekuwa amejiandalia kaburi kando ya mumewe ng’ambo ya bahari. Augustino aliandika wosia huo katika Maungamo, akawasihi na wasomaji wake wamkumbuke mama huyo pamoja na mumewe Patrisi. Zaidi ya miaka 30 baada ya kifo cha Monika, askofu Paulino wa Nola alimuuliza Augustino kama kuna faida kumzika mtu karibu na kaburi la mtakatifu. Akamjibu kwa kitabu kizima: mazishi na makaburi huwafariji zaidi walio hai, bali marehemu husaidiwa na sala, sadaka ya altare na kuwapa maskini. Mahali pengine aliweka mpaka ambao Kiswahili kinaueleza kwa herufi moja tu. Kumwombea shahidi, alisema, ni kumvunjia heshima, kwa kuwa sisi ndio tunaohitaji sala zake. Basi mashahidi tunawaomba. Marehemu wengine tunawaombea. Herufi hiyo moja imewasumbua maaskofu karne zote, kwa sababu watu makaburini hawaizingatii sana.

Papa Gregori Mkuu, aliyeongoza Kanisa kuanzia 590 hadi 604, aliliongezea jambo hili hesabu. Amesimulia habari za Yusto, mmonaki aliyekuwa mganga, ambaye alipokaribia kufa alikutwa ameficha sarafu tatu za dhahabu, kinyume cha nadhiri ya ufukara. Gregori akaamuru azikwe jalalani na sarafu zake zitupwe juu yake. Halafu akamwonea huruma, akaagiza Misa itolewe kwa ajili yake siku 30 mfululizo. Mwishoni Yusto akamtokea ndugu yake kumwambia kwamba sasa yu salama. Hapo ndipo zilipotoka Misa 30 ziitwazo za Kigregori, ambazo huombwa hadi leo na huendana na sadaka ya fedha. Hadithi iliyoanza kwa kumwadhibu mtu kwa sababu ya sarafu ikaishia kwenye bahasha.

Siku yenyewe ya kuwaombea marehemu, tarehe 2 Novemba, ilianzia monasteri ya Cluny, Ufaransa. Odilo, abati wa huko kuanzia 994 hadi 1049, aliagiza monasteri zake ziwaombee waamini marehemu wote siku inayofuata sikukuu ya Watakatifu Wote, na maskini walishwe. Desturi ikasambaa pole pole hadi Roma. Cluny waliandika majina ya wafu wao na kwa ajili yao wakawapa maskini chakula, hata majina yalipozidi, abati Petro Mheshimiwa wa karne ya 12 ikabidi aweke ukomo, wafu wasije wakawafukuza walio hai mezani.

Wakati huo wanateolojia ndio kwanza wanaifikia ibada ilipo. Mwanahistoria Jacques Le Goff, katika kitabu chake cha 1981, alidai kwamba neno la Kilatini “purgatorium”, yaani toharani, kama jina la mahali lilianza kutumika baada ya 1170 hivi. Wenzake wamempinga kwa mengi, lakini mfuatano wenyewe haubadiliki: Mtaguso wa Lyon ulizungumzia utakaso baada ya kifo mwaka 1274, wa Firenze mwaka 1439. Waorthodoksi, ambao waliwaombea na bado wanawaombea wafu kwa bidii ileile, waligoma kukubali habari ya moto.

Fedha ilifuata. Matajiri waliacha mashamba na majumba ili mapadre wawaombee milele. Chuo cha All Souls (“Roho Zote”) huko Oxford, kilichoanzishwa 1438, kilipewa kazi ya kuziombea roho za waliokufa katika vita vya Ufaransa, na jina lake linakumbusha hilo bado. Ubaya ulidhihirika pale rehema za wafu, yaani msamaha wa adhabu zao, zilipofanywa kama bidhaa. Johann Tetzel alizihubiri Ujerumani huku sehemu ya mapato ikijenga Basilika la Mtakatifu Petro na nyingine ikilipa deni la askofu mkuu Albert wa Mainz kwa mabenki ya Fugger. Martin Luther alijibu mwaka 1517 kwa hoja zake 95. Uingereza ilizifunga taasisi za Misa za wafu kwa sheria ya 1547 na mali zake zikaenda kwa mfalme.

Mtaguso wa Trento ulipoligusa suala hili Desemba 1563, ulitumia maneno machache kuliko wengi wanavyodhani. Toharani ipo; roho zilizomo husaidiwa na sala za waamini, hasa Misa. Basi. Kisha ukawaagiza maaskofu wazuie udadisi, ushirikina na faida chafu. Kwa maoni yangu sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyostahili kubandikwa kwenye kila mlango wa kanisa.

Jinsi watu walivyoipokea tunaona Napoli. Katika machimbo ya Fontanelle yamelundikwa mabaki ya maelfu ya maskini wasiojulikana, wakiwemo waliokufa kwa tauni ya 1656. Kuanzia 1872 padre Gaetano Barbati na wanawake wa mtaani waliipanga mifupa hiyo. Kila mmoja akachagua fuvu, akalifuta vumbi, akaliwekea mto na mshumaa, akaiombea roho hiyo “refrisco”, yaani ubaridi, burudisho. Ni kiu ileile ya Dinokrate, ni ombi lilelile la mjane wa Tertuliani. Lakini kwa malipo, fuvu lilitarajiwa kuleta mchumba, au namba za bahati nasibu usingizini. Kuwaombea kukawa kuwaomba. Mwaka 1969 uongozi wa jimbo ukapiga marufuku ibada hiyo ya mafuvu.

Vita navyo viliongeza lake. Mapadre wa Hispania na Ureno walikuwa na ruhusa ya Papa Benedikto XIV, ya mwaka 1748, kuadhimisha Misa tatu tarehe 2 Novemba. Agosti 1915, Ulaya ikizika vijana wake kwa malaki, Benedikto XV aliieneza ruhusa hiyo kwa Kanisa lote. Aliweka sharti: padre apokee sadaka kwa Misa moja tu, ya pili ni kwa marehemu wote, ya tatu kwa nia za Papa. Trento ilikuwa imesikika.

Kwetu, Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Zanzibar miaka ya 1860 na Bagamoyo mwaka 1868. Makaburi yao yapo hapo misheni, na ukisoma miaka kwenye misalaba utaona wengi walikufa vijana. Kijiji chao cha kwanza kilikuwa cha watu waliokombolewa utumwani, watu waliotenganishwa na makaburi ya wazee wao kwa mamia ya kilomita. Kwao sala isiyohitaji kusimama juu ya kaburi haikuwa jambo dogo.

Lugha pia ilikuwa tayari. “Marehemu” ni neno lenye asili ya Kiarabu, maana yake aliyerehemiwa. Anayelitamka ameshaomba kabla hajapiga magoti. “Toharani” imetokana na tohara, usafi, neno ambalo kwa sikio la Mswahili linaleta pia jando: maumivu ambayo mtu huyapita ili atoke amekua. Kiambishi “-ni” kimeifanya mahali, ingawa Papa Yohane Paulo II alisisitiza Agosti 1999 kwamba ni hali, si mahali. Kwenye hili sarufi imemshinda Papa.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza mwaka 1963 kwamba mazishi yaonyeshe zaidi Pasaka na yafuate mila za mahali. Mavazi meusi yakaanza kuyapisha ya zambarau. Mwaka 1988 Roma ilikubali Misa ya majimbo ya Zaire, ambamo wahenga waadilifu huitwa pamoja na watakatifu mwanzoni kabisa. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake wa 1995 juu ya Kanisa la Afrika, aliuliza kama heshima yetu kwa wahenga si maandalizi ya imani katika ushirika wa watakatifu. Padre Charles Nyamiti, mwanateolojia Mtanzania, alikuwa ameshachapisha mwaka 1984 kitabu kizima kikimtazama Kristo kama Mhenga wetu. Naona Monika angefurahi, ila angeuliza kikapu kiwekwe wapi.

Kuna kitu kimoja kinachoharibika wakati tukijadili haya. Tangu Kitabu cha Ibada cha Kiroma cha 1614, kila parokia inatakiwa kuwa na daftari la marehemu. Katika misheni za zamani daftari hilo huenda likawa ndilo andiko la kwanza lenye majina ya watu wa kawaida wa eneo zima. Mchwa wanayala, na wino unafifia. Novemba ikifika, ukishapeleka parokiani karatasi ya majina ya wazee wako waombewe, mwombe paroko akuonyeshe daftari hilo, na umsaidie kulinakili.