Jedwali la hashi

Jedwali la hashi ni muundo wa data unaokokotoa mahali taarifa ilipo katika kumbukumbu ya kompyuta kwa kutumia ufunguo wa taarifa hiyo. Hushika nafasi ya orodha fungamani pale programu inapohitaji kutafuta mara kwa mara miongoni mwa data nyingi.

Upungufu wa orodha fungamani

Katika orodha fungamani, kila kipengele hubeba anwani ya kile kinachokifuata. Kwa hiyo utafutaji huanzia mwanzoni na kupita kipengele kimoja baada ya kingine. Orodha ikiwa na vipengele 1,000,000, ufunguo uliomo hupatikana baada ya kulinganisha mara 500,000 hivi kwa wastani. Usiokuwemo hulazimu kuipitia orodha yote. Data ikiongezeka maradufu, kazi nayo huongezeka maradufu.

Utendaji

Kanuni ya hashi hugeuza ufunguo kuwa namba, kisha namba hiyo hugawanywa kwa idadi ya vyumba vya jedwali. Baki ndilo namba ya chumba. Katika jedwali la vyumba 101, ufunguo 2,745 huenda chumba cha 18. Ufunguo 3,048 nao huangukia humo humo, na hali hiyo huitwa mgongano.

Njia moja ya kutatua mgongano ni kuweka orodha fungamani fupi ndani ya kila chumba. Nyingine ni kutafuta chumba kingine kilicho kitupu. Kwa njia ya kwanza, vipengele 1,000,000 vikisambaa vizuri katika vyumba 1,000,000, ufunguo uliomo hupatikana kwa kulinganisha mara 1.5 tu kwa wastani. Ili kasi hiyo idumu, jedwali hupanuliwa kadiri linavyojaa. HashMap ya lugha ya Java huanza na vyumba 16, na huviongeza maradufu vipengele vinapozidi robo tatu ya idadi ya vyumba.

Historia

Hans Peter Luhn wa IBM alieleza wazo la jedwali la hashi katika waraka wa ndani wa Januari 1953. Arnold Dumey alilichapisha mwaka 1956, na W. Wesley Peterson akachambua njia ya kutafuta chumba kitupu mwaka 1957.

Mipaka

Kasi ya jedwali la hashi ni ya wastani, haina dhamana. Mwaka 2003 Scott Crosby na Dan Wallach walionyesha kuwa mshambuliaji anaweza kuchagua funguo zinazogongana, jedwali likarudia uzito wa orodha. SipHash, iliyobuniwa mwaka 2012, huzuia hila hiyo kwa kuchanganya namba ya siri katika ukokotoaji.

Jedwali pia halitunzi mpangilio. Panapohitajika mpangilio na kasi kwa pamoja, miundo yote miwili hutumika: jedwali hutafuta, orodha hutunza mfuatano. Kwa data chache, orodha peke yake hutosha.