Mfereji Mwembamba wa Mgongo na Kipimo cha Verbiest

Upasuaji wa kuondoa bamba la nyuma la pingili, ambao madaktari huuita laminektomi, ni mkongwe kuliko ufahamu wa maradhi yanayotibiwa nao leo. Alban Smith aliufanya Kentucky, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1820, kwa mtu aliyeanguka kutoka juu ya farasi, na Victor Horsley akautumia London mwaka 1887 kuufikia uvimbe uliobana ugwe wa mgongo; wote wawili hawakuwa wakishughulikia wembamba wenyewe wa mfereji wa mgongo, yaani uwazi ndani ya pingili unamopita ugwe huo na neva zake. Antoine Portal alikwisha kuueleza wembamba huo nchini Ufaransa mwaka 1803, ila maelezo yake hayakuzaa tiba.

William Mixter na Joseph Barr wa Boston walipoonyesha mwaka 1934 kwamba diski, yaani gegedu lililo kati ya pingili mbili, ikichomoza huweza kukandamiza neva na kuleta maumivu ya mguu, madaktari walipata jibu zuri mno, na macho yao yakaelekea kwenye diski zaidi kuliko kwenye mfupa. Aliyeyarudisha kwenye mfupa ni Henk Verbiest, daktari wa upasuaji wa neva wa Utrecht, Uholanzi. Wagonjwa wake waliumwa miguu na kufa ganzi wakisimama au wakitembea, ilhali wakilala hali hiyo hutoweka, na ilibidi kuingiza dawa maalumu ndani ya mfereji kabla ya kupiga eksirei ndipo kizuizi kionekane. Verbiest hakutosheka na kuondoa mabamba, bali, mgongo ukiwa bado wazi, alipima kina cha mfereji kutoka mbele hadi nyuma, na makala yake ya mwaka 1954, iliyoeleza wagonjwa saba, ikaegemea vipimo hivyo badala ya dhana. Baadaye aliweka mipaka: milimita 10 au pungufu hubana neva pasipo kuhitaji sababu nyingine, na kati ya 10 na 12 huleta shida ikiongezeka diski iliyotuna kidogo au kano iliyonenepa.

Ubishi uliofuata ulihusu uimara wa mgongo, kwa kuwa pingili iliyopunguziwa mihimili yake ya nyuma huweza kuteleza, na kwa hofu hiyo wengi walizoea kuunganisha pingili kwa skrubu baada ya kupanua mfereji. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2016, wenye wagonjwa 247, haukuona kwamba uunganishaji huo uliwapa nafuu zaidi miaka miwili baadaye, hata wale ambao pingili zao zilikuwa zimekwisha kuteleza, ingawa ulirefusha upasuaji na kuongeza gharama.