Sheria ya ulevi barabarani si ya mnywaji pombe pekee

Wengi wetu hapa Pwani tukisikia sheria ya kuendesha gari ukiwa mlevi, twasema hiyo ni ya watu wa baa. Si kweli. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kimetaja pombe na dawa za kulevya pamoja. Dereva wa matatu, tuktuk au bodaboda aliyevuta bangi hadi akashindwa kukimudu chombo chake, hana tofauti na aliyekunywa bia.

Tena si lazima gari liwe linakwenda. Kujaribu kuliendesha, au kuwa na dhamana nalo barabarani ukiwa katika hali hiyo, pia ni kosa.

Ukipatikana na hatia, faini ni hadi Sh100,000, au kifungo cha hadi miaka 2, au vyote viwili. Juu ya hayo, wafungiwa leseni miezi 12. Kwa anayekula kwa usukani, huo ni mwaka mzima watoto hawana riziki. Na ukiua mtu kwa kuendesha ovyo, kifungu cha 46 chafika miaka 10 jela.

Basi wenye magari na wazazi, kabla ya kumkabidhi kijana ufunguo, mtizameni macho kwanza.