Pesa ya kuchimba: kutoka msalaba wa shaba hadi mashine ya mtumba

Kuna hesabu moja inayozunguka sana kati ya vijana waliomaliza masomo hapa Likasi. Watu watatu au wanne wanachanga, wananunua mashine ya mtumba ya kuchimba bitcoin, wanaiweka katika chumba cha nyuma, kisha wanagawana faida. Swali la kwanza huwa ni hili: "Mashine itazaa falanga ngapi ku mwezi?" Kuuliza si kosa. Ila sisi tunakaa katika mji ambao pesa ya kuchimba si kitu kipya hata kidogo. Katanga ilichimba pesa yake karne nyingi kabla ya kompyuta, na historia hiyo inajibu swali hili vizuri kuliko video nyingi za simu.

Wengi wetu tunaujua msalaba wa shaba kwa picha tu. Uko kwenye bendera ya Katanga ya 1960, misalaba mitatu midogo, na pia kwenye sarafu ambazo serikali ile ya Tshombe ilitoa mwaka 1961. Lakini msalaba wenyewe ni wa zamani zaidi. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta misalaba ndani ya makaburi. Mtaalamu Pierre de Maret aliifuatilia kwa karibu na akaona jambo la ajabu: ya zamani ilikuwa mikubwa na michache, kisha kadiri karne zilivyopita ikawa midogo, mingi, yenye vipimo vinavyofanana. Mingine ilikutwa karibu na mkono au kiuno cha marehemu. Kitu kilichokuwa cha heshima kiligeuka kuwa kitu cha kuhesabu, ndiyo kusema pesa. Na kule Upemba hakuna shaba. Ilitoka huku kusini kwetu.

Ilitengenezwaje? Askofu de Hemptinne wa Elisabethville aliandika habari hizo mwaka 1926, akiwaita mafundi wale "walaji wa shaba". Kazi ilifanyika wakati wa kiangazi, mavuno yakishamalizika. Malakiti, lile jiwe la kijani, liliokotwa na kuchambuliwa. Watu wengine walikata miti na kuchoma makaa. Tanuru lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, mivuo ilikuwa ya ngozi za wanyama, na fundi mkuu alikuwa na dawa zake na siri zake ambazo hakumpa kila mtu. Shaba ikishayeyuka, ilimiminwa katika umbo la msalaba.

Hapa tusimame kidogo. Jiwe la kijani lilikuwa la kuokota. Udongo wa kichuguu uko kila mahali, hata leo ukitoka mjini kidogo tu unauona. Kilichokuwa adimu ni makaa, mikono ya kuvuta mivuo mchana kutwa, na fundi. Thamani ya msalaba ilibeba ndani yake moto uliokwisha kuwaka. Huwezi kughushi moto huo: ama umeuwasha, ama huna msalaba.

Bitcoin inafanya kazi kwa wazo lile lile. Mashine inachukua orodha ya malipo ambayo watu wametumiana, inaongeza namba ya kubahatisha, inapitisha vyote katika fomula, kisha inaangalia jibu. Jibu likiwa dogo kuliko kiwango kilichowekwa, umeshinda bloki. Likiwa kubwa, unajaribu namba nyingine, mara matrilioni kwa sekunde. Hakuna akili ndani yake, ni kubahatisha tu kwa nguvu ya umeme. Bloki moja hupatikana karibu kila dakika 10, na watu wakiongeza mashine, mtandao wenyewe unapandisha ugumu kila baada ya bloki 2,016, yaani kama wiki mbili. Zawadi nayo inashuka: 50 kwa kila bloki mwaka 2009, 25 mwaka 2012, 12.5 mwaka 2016, 6.25 mwaka 2020, na tangu Aprili 2024 ni 3.125.

Kwa hiyo mashine nayo inazeeka haraka. Mwaka 2009 kompyuta ya kawaida ya nyumbani ilitosha. Kuanzia 2010 watu walitumia kadi za video, zile za wacheza gemu. Mwaka 2013 zikaingia mashine zinazojua fomula hiyo moja tu na hazifanyi kazi nyingine yoyote, na kompyuta ya kawaida ikaisha habari yake. Antminer S9, ambayo mara nyingi ndiyo inayouzwa mtumba kwa bei ya kuvutia, ilitoka mwaka 2016. Halafu mwaka 2021 China ilipiga marufuku uchimbaji, na mashine kwa maelfu zikatafuta nchi nyingine. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum ikaacha kabisa mfumo wa kuchimba, na wenye kadi za video wakabaki nazo mkononi. Mtumba wa mashine haufiki hapa kwa bahati. Unafika kwa sababu huko ulikotoka umeacha kulipa.

Tufanye hesabu basi, si tuna diploma? S9 inafanya terahashi 13.5 hivi kwa sekunde na inakula wati 1,300. Kwa saa 24 ni kilowati-saa 31. Mtandao mzima, mwanzoni mwa 2025, ulikuwa karibu exahashi 800, na kila siku zinatoka bitcoin 450 mpya. Gawanya: fungu la mashine yako ni kama bitcoin 0.0000076 kwa siku. Bitcoin ikiwa dola 100,000, hizo ni senti 76. Kwa siku nzima! Toa umeme, toa ada ya kundi la wachimbaji mnaloungana nalo, toa feni itakayokufa. Umeme ukizidi senti 2.4 za dola kwa kilowati-saa, unalipa ili mashine ifanye kelele. Na hesabu hii inadhani umeme unakuwepo saa 24. Wewe unayekaa Kikula au Panda unajua mwenyewe.

Ndiyo maana narudi kwenye moto. Katika historia ya Katanga, swali "nani ana shaba?" siku zote limefichwa ndani ya swali "nani ana moto?" Msiri, mtu wa Unyamwezi, Tanzania ya leo, alikuja akifuata shaba na akajenga ufalme wake Bunkeya. Alitawala mafundi na njia za biashara hadi alipouawa tarehe 20 Desemba 1891. Union Minière, iliyoanzishwa 1906, haikuwa na siri ya fundi wala dawa. Ilikuwa na reli, makaa ya mawe, na baadaye maji ya Lufira. Ilipotaka kusafisha shaba kwa umeme hapa Shituru, ilibidi kwanza iwe na umeme: ndiyo asili ya bwawa la Mwadingusha, lililoanza kazi mwaka 1930. Koni ikafuata mwaka 1950, kisha vituo viwili vya Lualaba, Nzilo na Nseke, katika miaka ya hamsini hiyo hiyo. Umeme wa Likasi haukuzaliwa kwa ajili ya taa ya mwanafunzi. Ulizaliwa kwa ajili ya shaba, na nyumba zilipata kilichobaki.

Hali hiyo haikubadilika sana baada ya uhuru. Laini ya Inga hadi Kolwezi, kilomita 1,700 hivi, iliyoanza kazi 1982, ilipita juu ya vijiji vingi bila kuviachia hata balbu moja. Na Mwadingusha ilipochoka, ni mradi wa mgodi wa Kamoa-Kakula ulioshirikiana na SNEL kuikarabati, mashine zote sita, kazi ikaisha mwaka 2021. Megawati 78. Mwenye mgodi alianza na umeme kabla ya kuuza shaba. Hata wachimbaji wa bitcoin waliofanikiwa karibu nasi walifanya hivyo. Huko Kivu ya Kaskazini, hifadhi ya Virunga ilikuwa imejenga vituo vyake vya maji. Watalii walipokatika, kwanza kwa utekaji wa 2018 kisha kwa korona, kituo cha Luviro kilikuwa na nguvu kuliko wateja waliounganishwa. Mwaka 2020 wakaweka kontena za mashine pale pale penye turbini, wakala umeme ambao haukuwa na mnunuzi. Ng'ambo ya mpaka wetu, Zengamina kaskazini-magharibi mwa Zambia, kampuni ya Gridless ya Kenya imefanya vivyo hivyo: kontena moja kando ya kituo kidogo cha maji, na kituo kikapata mteja wa umeme uliokuwa unapotea.

Linganisha sasa na chumba cha nyuma mjini. Hapa hakuna umeme usio na mnunuzi. Kabini moja inabeba mtaa mzima, na mashine inayovuta wati 1,300 usiku na mchana ni kama pasi isiyozimwa milele. Zikiwa tano, jirani ndiye anayeona taa yake inakuwa nyekundu, na mama wa samaki ndiye anayepoteza friji. Wengine watasema waziwazi: "Tutavuta waya, kuran ni ya bure." Kuran ya bure inalipwa na mtaa. Tena mashine yenyewe haipendi volti zinazopanda na kushuka, wala vumbi letu la kiangazi.

Naelewa pia kwa nini vijana wanaitaka pesa hii. Wazazi wetu walilala wana noti za zaire 5 na 10, na Desemba 1979 Mobutu akazifuta, mipaka imefungwa, na kila mtu akiruhusiwa kubadilisha kiasi kidogo tu. Mwaka 1993 milioni tatu za zaire zikawa zaire mpya moja. Pesa ambayo hakuna rais anayeweza kuifuta asubuhi si ndoto ya kijinga kwa mtu aliyezaliwa huku. Lakini kumiliki bitcoin na kuichimba ni mambo mawili. Senti 76 kwa siku ni njia ghali ya kuipata. Na wale wanaouza "uchimbaji" kwenye simu, bila mashine, bila umeme, faida kila wiki, waulizeni wazee kuhusu Bindo Promotion ya 1991.

Kwa kundi lililokwisha kuchanga hela, ninaomba kitu kimoja kabla hamjamlipa muuzaji. Chukueni daftari. Kwa siku 30 andikeni saa umeme ulipoingia, saa ulipotoka, na volti mkiweza kuzipima. Andikeni pia mnalipa nini kwa kila kilowati-saa, kwa risiti, si kwa kukisia. Wekeni kando yake zile senti 76. Daftari hilo likishajaa, mleteni na bei ya mashine, tukae tupige hesabu pamoja.