Hesabu ya Chokaa katika Pwani ya Mikindani

Nyumba za kale za Mikindani, pamoja na boma walilolijenga Wajerumani mwaka 1895, ni za mawe yaliyoungwa kwa chokaa. Na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa. Wachomaji walipanga magogo, wakarundika matumbawe juu yake, wakatia moto. Hawakutumia mizani, lakini walijua kwamba mzigo hupungua motoni. Huenda wapi? Kemia yajibu: frasila 100 za matumbawe safi zikiungua sawasawa, 44 hupaa zikiwa hewa ukaa, hubaki 56. Hizo zataka maji frasila 18 ili chokaa izimike, nayo huwa 74. Fundi alimwaga zaidi, wala hakufuja, maana joto la kuzimika huchemsha maji mengi yakapotea.

Kuni hazimo katika hesabu hii, nazo si haba. Tena tumbawe hukua polepole mno: ajengaye kwa frasila 74 za chokaa ameiondolea bahari 100. Kusini ya hapo, hadi mlangoni mwa Ruvuma, miamba ya matumbawe imo katika hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000.